Idwal Pritchard na Barua za Hafod Las

Kazi ya Idwal Pritchard ilikuwa kwenda kwenye nyumba za waliokufa na kurudi na makaratasi yao. Aliifanya miaka kumi na minne, na alipenda kusema kwamba kila mwaka ngazi za watu zinazidi kuwa ndefu.

Hakuwa ameisomea. Tangu ana miaka kumi na mitano alikuwa akipasua mawe ya vigae vya kuezekea kwenye machimbo juu ya mji wetu. Machimbo yalipofungwa, mwaka 1970, alikuwa na miaka hamsini na mmoja, kifua kimejaa vumbi, mke amemzika majira ya baridi yaliyotangulia. Ofisi ya nyaraka ya wilaya ilikuwa inatafuta dereva. Wakamchukua kwa sababu alijua kila njia ya kwenda kila shamba, na kwa sababu wajane walimfungulia mlango.

Mimi nilikuwa mworodheshaji. Yeye analeta, mimi nafungua, nasoma, naandika ni nini na cha nani. Waandishi wetu wa Wales walikuwa watu wa kuandikiana barua, wachungaji na walimu wa shule wengi wao, na katika barua hizo hawakuishiwa malalamiko ya aina mbili: waamuzi wa mashindano ya mashairi, na maumivu ya mgongo. Chini ya barua kulikuwa na takataka nyingine zote za maisha. Alama za masikio ya kondoo, dawa ya kikohozi, ugomvi wa wazee wa kanisa juu ya kinanda. Hizo niliziandika "karatasi mchanganyiko" na kuzipa namba.

"Heulwen," Idwal aliniambia siku moja, ameegemea boksi anatafuta pumzi, "hivi haya kuna mtu anakuja kuyasoma?"

"Wapo wachache."

"Wachache wangapi?"

"Mwaka jana walikuja wawili."

Akatikisa kichwa. "Mmoja angekuja na baiskeli akayachukua mwenyewe."

Basi mwaka 1977 akafa Tegwyn Roderick kule Cardiff. Alikuwa mtunzi wa riwaya, si mkubwa sana, lakini sisi tulimhesabu wetu. Mkuu wetu, Bwana Meurig Bevan, alijua kwamba kwa zaidi ya miaka arobaini Tegwyn alikuwa akiandika nyumbani mara moja au mbili kwa mwezi, na kwamba barua zote ziko shambani Hafod Las kwa dada zake wawili ambao hawakuolewa. Akawaandikia. Kimya. Akaandika tena. Kimya. Akamtuma Idwal.

Mkubwa, Buddug, alikuwa na miaka sabini na minne na bado anachunga kondoo mwenyewe. Alimpokea Idwal uani, mkono kwenye lango.

"Umetoka ofisini?"

"Ndiyo, Bi Roderick."

"Barua zile ni za kwangu. Jina kwenye bahasha ni langu."

"Najua. Sikuja kuzinyang'anya. Nimekuja kuuliza tu."

"Umeshauliza."

Akarudi mwezi uliofuata, na uliofuata. Safari ya nne Buddug akamwambia, "Wewe ni kupe, Bwana Pritchard. Kondoo wangu nawaogesha kwa dawa, wewe sijui nikuogeshe kwa nini."

"Nipe chai tu, nitadondoka mwenyewe," Idwal akasema. Siku hiyo akaingia ndani.

Ndani alikuwepo Luned, mdogo mtu, miaka sitini na sita. Macho yake yalikuwa yamefifia mpaka akawa anaona mwanga wa dirisha tu na vivuli vya watu. Alikuwa mcheshi kuliko dada yake. Aligusa mkono wa Idwal akauliza kama ni wa machimboni, maana vidole havikunyooka. Kisha akasema shauri lake, pale pale mbele ya Buddug. Barua ziende, yeye hana kinyongo, lakini kwanza azisikie zote mara moja tangu mwanzo. Zamani dada yake alizisoma mezani kila zilipofika, kisha akazifungia kwenye kasha. Sasa Tegwyn hayupo, na yeye angependa kumsikia tena.

"Nina kondoo mia mbili," Buddug akasema. "Nani wa kukaa kukusomea?"

Likabaki hivyo hadi Februari, Buddug alipoteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Jirani akachukua kondoo. Buddug, aliyekuwa hakai chini mchana hata wakati wa kula, aliporudi kutoka hospitali akalazwa kwenye kochi la jikoni karibu na moto, na funguo za kasha zikaenda mikononi mwa Luned.

Bwana Bevan akamruhusu Idwal kwenda kumsomea. Ikawa kila Jumatano alasiri Idwal anapanda Hafod Las, anatia makaa, anachemsha maji, anakata mkate wa zabibu kavu, halafu anasoma. Barua thelathini, kifua kikikubali. Alisoma vizuri, kama watu wote waliokulia shule ya Jumapili. Luned alicheka mahali pa kucheka. Buddug aliwatazama tu, au alitazama moto.

Juma la tano wakafika mwaka 1936. Idwal akafungua barua ya mwezi wa tatu, akasoma habari za mvua na za mwenye nyumba wa Tegwyn na paka wake, akageuza ukurasa. Macho yake yakatangulia sauti, kama yanavyofanya macho ya msomaji, akaona yaliyoandikwa chini.

*Mwambie Luned nafasi ipo kwenye maktaba ya mtaani kwetu, nimemsemea. Mama mwenye nyumba ana chumba. Tiketi ya treni ni hii humu ndani. Aje kabla ya Pasaka.*

Idwal akainua uso. Buddug alikuwa anamtazama. Hakutikisa kichwa wala hakunyoosha mkono. Baadaye Idwal aliniambia kwamba hajawahi kuona binadamu amelala vile, kama mtu aliyeangukiwa na jiwe anayesikiliza kama jingine linakuja.

"Basi nawasalimu wote," Idwal akasoma, "wenu Tegwyn."

Akaikunja. Akafungua ya Aprili. Ile nayo ilikuwa na yake: *Tiketi uliyoirudisha imefika. Nimeelewa kwamba Luned mwenyewe hataki kuja. Sitamsumbua tena.* Hiyo pia akairuka, akasoma ya paka.

"Chai imepoa," Buddug akasema.

Juma lililofuata Buddug alikuwa amepelekwa hospitali kukaguliwa nyonga. Luned alikuwa peke yake, amevaa aproni safi, mikono mapajani. Idwal akafungua kasha, akatoa fungu la siku hiyo.

"Usisome kwanza," Luned akasema. "Kaa. Bwana Pritchard, kaka yangu hajawahi kuandika barua fupi maisha yake. Hata postikadi aliandika mpaka kwenye kingo. Wiki iliyopita ulisoma mbili fupi, zimefuatana."

Idwal akaliweka fungu mezani.

"Aliniita?"

Idwal alikuwa amechoka siku ile. Asubuhi alishateremsha maboksi tisa kutoka ghorofa ya tatu ya mwalimu mmoja marehemu. Aliniambia kwamba angekuwa na nguvu kidogo angetunga uongo wa maana. Hakuwa nayo.

"Alikuita. Kulikuwa na kazi maktaba, na chumba, na tiketi."

"Buddug akairudisha."

"Ndiyo."

"Tegwyn akadhani mimi ndiye niliyekataa."

"Ndivyo alivyoandika."

Nje mbwa wa jirani alikuwa anakusanya kondoo, nao wawili wakasikiliza mlio wa filimbi ya mchungaji ukipanda na kushuka.

"Mwezi gani?"

"Machi."

"Machi kondoo wanazaa," Luned akasema. "Na mwaka ule mama alikuwa kitandani, haamki. Machi nisingeweza kwenda." Akapapasa ukingo wa meza mpaka akapata kikombe chake, lakini hakukiinua. "Aprili ningeweza."

Idwal akatia makaa. Alitegemea atalia, lakini Luned hakulia. Aliuliza kama ile maktaba ni ya matofali au ya mawe. Idwal akasema hajui, hajawahi kufika. Kisha Luned akamwomba jambo moja.

"Buddug asijue kwamba najua."

"Kwa nini umfichie? Yeye ndiye aliyekuficha."

"Miaka arobaini na miwili amelibeba. Akijua nimejua, atataka tukae tuliongee. Mimi nimechoka, Bwana Pritchard. Nina miaka mingapi ya kukaa na mtu huyu humu ndani? Sitaki kuliongea. Nisomee."

Akamsomea, zote, kila Jumatano hadi mwezi wa kumi. Siku ya mwisho Buddug, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alitia sahihi kwenye fomu ya ofisi, na chini akaongeza kwa mkono wake kwamba barua zisifunguliwe kwa mtu yeyote hadi dada wote wawili wawe wamekufa. Akamsindikiza Idwal mpaka kwenye gari.

"Ningeweza kuichoma ile," akasema. "Mara nyingi."

"Kwa nini hukuichoma?"

"Ni mwandiko wake." Akapiga lango kwa fimbo, lijifunge. "Na Luned angekwenda, mimi ningebaki na mama peke yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Hakuna aliyeniandikia mimi nije popote."

Idwal akateremka mlimani na barua mia tisa na kumi na mbili nyuma ya gari. Alizileta mezani kwangu akaenda nyumbani bila kunywa chai. Nilipozifungua ili niziorodheshe nikakuta zile mbili, nikamuuliza. Ndipo aliponieleza haya yote, kidogo kidogo, kwa majuma kadhaa, kama mtu anayetua mzigo ngazi moja moja. Katika orodha niliandika: *Machi 1936, habari za nyumbani, kazi ya maktaba.* Kanuni zetu hazikuruhusu zaidi.

Luned alifariki 1981, kwa mafua yaliyoshuka kifuani. Shamba likauzwa, Buddug akahamia makazi ya wazee mjini. Idwal alipostaafu alikwenda kumwona kila Alhamisi. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia ni jirani na duka la mkate. Walitazama mashindano ya mbwa wa kondoo kwenye televisheni, na Buddug aliwakosoa wachungaji wote.

Alhamisi moja mbwa bado wanakimbia, Buddug akapunguza sauti ya televisheni.

"Luned alijua?"

Idwal alikuwa amemwahidi marehemu. Isitoshe, Luned alikuwa amekaa na dada yake miaka mitatu baada ya kujua, akimwomba chumvi mezani, akimwuliza mvua inatokea upande gani, na Idwal aliona si haki yake kuivunja kazi ile.

"Mimi hakuniambia kitu," akasema.

Buddug alimtazama kama anayekagua meno ya kondoo sokoni. "Sawa," akasema. Kisha, "Umezeeka vibaya, Bwana Pritchard. Hebu nisogezee mto huu."

Idwal aliniambia uongo ule ulimchosha kuliko mawe yote aliyopasua. Hakujua kama ulimpunguzia Buddug mzigo au ulimwongezea, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Buddug akafa mwezi wa tano mwaka uliofuata, na mafungu yakawa wazi kwa wasomaji.

Miaka minne baadaye alikuja msomaji wa kwanza, mwalimu wa chuo kikuu, kijana mwenye adabu. Alikaa siku tatu kwenye chumba cha kusomea. Alitaka barua za Tegwyn kuhusu ugomvi na mchapishaji wake, akazipata, akafurahi. Fungu la 1936 alilipitia kwa robo saa akalirudisha.

Jumamosi nikaenda kumweleza Idwal. Kifua chake kilikuwa kimefika mwisho wake. Alilala sebuleni, karibu na moto, kwa sababu ngazi zilimshinda. Nilimweleza habari za yule mwalimu, akasikiliza huku macho kayafumba.

"Kwa hiyo hakuziona."

"Alizipita."

"Haya," akasema, na sikuweza kujua kama amefurahi.

Kwenye jivu la meko niliona vipande vya bahasha vilivyosalia, pembe zenye stempu za zamani. Nikauliza ni nini. Akasema ni za mkewe, za wakati wa vita kuu, yeye Idwal alipokuwa jeshini Misri, na zake alizomjibu. Zilikuwa kwenye kopo la biskuti miaka yote hiyo. Asubuhi ile alizisoma zote, akazichoma.

"Idwal. Wewe, kati ya watu wote."

"Zilikuwa zangu," akasema.

Nilimwoshea vikombe vyake, nikamwongezea makaa, nikamfunika miguu. Alisinzia kabla sijavaa koti. Nikatembea hadi nyumbani kwenye mvua nyembamba, nikijua kwamba Jumatatu kuna maboksi kumi na mawili yananisubiri kutoka kanisa lililofungwa, na kwamba dereva mpya huyaacha mlangoni.