Hitilafu Inayokuja na Kuondoka

Keti hapa karibu nikueleze, wala usiogope kama hujawahi kushika spana. Hitilafu za mashine mimi huzigawa kwa tabia zake. Kuna ile ya kufa: jana mashine ilifanya kazi, leo haifanyi, na hata uibembeleze vipi haitafanya. Kuna ile ya kuzeeka: nguvu zinapungua kidogo kidogo, mpaka siku moja unashangaa kazi ya asubuhi imekula siku nzima. Halafu kuna ile inayokuja na kuondoka. Hiyo ndiyo huwachosha mafundi, kwa sababu wewe ukifika, yenyewe imeshapona.

Mgawanyo huo niliufundisha kwa miaka mingi katika gereji moja ya Free Area, pale Nakuru, tunakotengeneza matrekta na mashine za kuvunia ngano. Madereva waliuzoea. Wakipiga simu hawakusema tu kwamba mashine imeharibika. Walisema, "Boss, hii ni ya kuzeeka," nami nikajua nibebe nini. Nilipenda sana kusikia maneno yangu vinywani mwao.

Kisha fundi aliyekuwa akiongoza kikosi chetu cha mavuno akastaafu. Mwenye gereji, mama tuliyemwita mathe, alisema atamchagua kiongozi mpya ngano itakapoanza kukatwa. Nafasi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimekwenda mashambani kila msimu nikiwa wa pili wake, na sikuona mwingine wa kupewa.

Ndipo akaja yeye, fundi mpya aliyeajiriwa na mathe. Alikuwa fundi wa pampu za maji kule karibu na Longonot, mwanamke mchangamfu, mwepesi wa kusikiliza. Naye alikuwa na mgawanyo wake. Hakuuliza hitilafu ina tabia gani, aliuliza imetoka wapi: kwenye mashine yenyewe, kwenye mahali inapofanyia kazi, au kwenye mkono wa mtu. Basi. Nilitafuta kosa katika mgawanyo huo nikalikosa, na hilo ndilo lililoniuma.

Wakati wa chai mafundi walianza kumzunguka.

"Dada, hii yako ni fupi," mmoja alisema. "Ya mzee wetu huyu lazima ukae na mashine kama umelaza mgonjwa."

"Na umpelekee uji!" mwingine akadakia.

Walicheka. Nami nikacheka, lakini mandazi yangu nikayaacha nusu. Tangu siku hiyo nilianza kuangalia ni nani amekaa upande gani wa benchi.

Mavuno yalipoanza, tuliitwa Mau Narok. Mashine ya kuvunia ilikuwa imesimama katikati ya shamba, nusu ya ngano bado wima, na mawingu yameanza kujikusanya juu ya vilima. Mathe alikuja nasi. Mimi na yule dada tulijua anakuja kuchagua.

Dereva alitueleza kwamba injini inakata, ikipumzika inawaka tena, halafu inakata. Nilifurahi moyoni, maana hii ilikuwa yangu kabisa. Nikamwambia aiwashe, tukaifuata ikivuna mpaka ikakata. Ikapumzika, ikawaka, ikakata tena baada ya mwendo kama ule wa kwanza.

"Sikilizeni," nikawaambia. "Hitilafu ya kuja na kuondoka ina namna mbili. Kuna isiyo na mpango, kama waya uliolegea: ukiruka shimo inakata, ukiruka lingine inawaka. Hii ina mpango. Inafanya kazi, inakata, inapumzika, inapona. Kwa hiyo si waya. Kuna kitu kinajikusanya au kinapungua polepole, na injini ikilala kinarudi mahali pake."

Mathe alitikisa kichwa kukubali. Nikachukua spana nikaelekea kwenye chujio la mafuta.

Yule dada hakunifuata. Alimgeukia dereva. "Kaka, tangu siku ilivuna vizuri mara ya mwisho, umebadilisha nini?"

"Hakuna kitu, dada."

Akanyamaza tu, anamtazama. Dereva akajikuna shingo.

"Labda tu pale kwa tangi. Vumbi la ngano lilikuwa linaingia, na pia kuna watu wananyonya dizeli. Nikafunga kifuniko na blada."

Blada ni ule mpira wa tyubu kuukuu ambao huku kwetu hufungia kila kitu, kuanzia mzigo wa pikipiki hadi mlango wa banda la kuku. Alikuwa ameuzungusha juu ya kifuniko mara nyingi, akaziba kitundu cha kuingizia hewa. Umewahi kumimina mafuta ya kupika kutoka kwenye mtungi, yakagoma kutoka mpaka hewa iingie? Tangi nalo liko hivyo. Dizeli inatoka, hewa haiingii, mwishowe injini inanyonya bila kupata kitu. Ikipumzika, hewa kidogo inapenya.

Dada alikata ule mpira, akafungua kifuniko. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, sote tukasikia. Mashine ikawaka na haikukata tena.

"Dada, wewe ni noma!" dereva akapiga kelele kutoka juu.

"Ni mzee," yeye akajibu. "Yeye ndiye amesema kuna kitu kinapungua. Mimi nimeuliza tu."

Hata haki yake iliniudhi. Afadhali angejisifu, ningepata pa kumshikia.

Mathe alituita kando ya shamba. "Msimu huu ataongoza dada," alisema. "Mzee, utakuwa naye. Sawa?"

"Sawa, mathe," nikasema, na ngano yote ikakatwa kabla ya mvua.

Bado namwonea wivu. Simu yake inapolia asubuhi na yangu imenyamaza, naumia, kisha nanawa uso na kwenda kazini. Lakini wewe unayejifunza sitakuficha nilichokiona. Mgawanyo wangu ulituonyesha ni hitilafu ya aina gani. Wake ulituonyesha nani anajua ilikotoka, na mtu huyo alikuwa amekaa pale pale juu ya mashine.

Kwa hiyo, mashine yako ikianza kukata na kuwaka tena, itazame mpaka ujue kama inakata kwa mpango au bila mpango. Kisha, kabla hujalegeza nati hata moja, muulize anayeiendesha amebadilisha nini tangu ilipofanya kazi vizuri mara ya mwisho. Akisema hakuna, nyamaza, umpe nafasi ya kukumbuka.