Kalafati Haoi Kalafati

Safari hii niliifunga kwa sababu ya harusi. Dada yangu Rebeka alikuwa amepata mchumba, kijana mpole wa Kisumu aitwaye Daudi, na wazee wa kijana walikuja kwetu Nakuru na zawadi na maneno mazuri. Mambo yalikwenda vyema mpaka baba alipouliza jina la ukoo. Mzee wao akajibu, "Kalafati." Baba akaweka kikombe chini. Sisi pia ni Kalafati.

"Kalafati haoi Kalafati," alisema, na posa ikaishia hapo.

Rebeka alikuwa amelificha jina hilo kwa muda mrefu akiogopa jambo hilihili. Kwetu bara mtu haoi katika ukoo wake, hata undugu uwe wa mbali vipi. Babu yetu aliitwa Elia Kalafati, naye alichonga mbao za mabehewa Nakuru hadi alipozeeka. Babu yake Daudi aliitwa Mikaeli Kalafati, akitengeneza mashua Kisumu. Wote wawili walitoka Mombasa wakiwa vijana, na wote wawili walikufa bila kumwambia mtu habari za jamaa zao. Kama walikuwa ndugu, basi Rebeka na Daudi ni ndugu.

Kazi yangu wakati huo, katikati ya miaka ya tisini, ilikuwa kukagua mizani za masokoni, na ilinipeleka miji mingi. Kila nilipolala nyumba ya wageni nilifungua kitabu cha simu kutafuta jina letu. Nililikuta Nakuru, nikalikuta Kisumu, na Mombasa nilimwona Kalafati mmoja peke yake. Kwingine kote hakuna. Ukiiunganisha miji hiyo mitatu kwa mstari unapata njia ya reli. Jina letu lilipanda gari moshi pwani, likateremka mara mbili, likakoma ziwani.

Siku ya kuondoka, Rebeka alinishika mkono kwenye kituo. "Kaka, usinirudie na 'huenda'. Niletee ndiyo au la."

Baba akaongeza, kwa sauti ya kusikika na abiria wote, "Na ile nyumba uitazame." Tangu utotoni tulimsikia akisema kwamba babu aliacha nyumba kubwa Mombasa, yenye mlango wa nakshi. Hakuna aliyewahi kuiona.

Asubuhi, Mombasa. Gari moshi lilitufikisha jua likiwa limeshapanda, shati likanigandama mgongoni kabla sijavuka barabara. Nilikula mahamri na mbaazi kwenye mkahawa mdogo, nikamuuliza mwenyewe njia ya kwenda kwa kina Kalafati. Mikono yake ikasita juu ya sufuria.

"Una nini nao?"

"Nawaulizia tu."

"Watu hawaji hapa kuulizia tu," alisema, lakini akanielekeza: nipite Ngome ya Yesu, niingie Mji wa Kale, nikikaribia Bandari ya Kale niulize tena. Niliuliza mara mbili zaidi. Kila niliyemuuliza alinitazama viatu kwanza, kisha begi, ndipo akajibu.

Saa nne. Nyumba ilikuwa na ghorofa mbili, roshani ya mbao iliyoinama kidogo, na mlango wa nakshi. Nilisimama kuutazama mlango ule, kwa kuwa baba alikuwa ameueleza vilevile. Kwenye baraza ya mawe alikuwa ameketi mwanamume wa makamo mwenye kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, akinywa kahawa na jirani zake wawili. Huyo ndiye Salimu, yule Kalafati wa kitabu cha simu, auzaye vinyago kwa watalii kule ngomeni.

Nilitoa salamu, ikaitikiwa vizuri, tukaulizana hali kwa urefu kama ilivyo desturi ya huko. Kisha nikataja jina langu, Petro Kalafati, na baraza yote ikanigeukia.

"Kalafati wa wapi?" aliuliza Salimu.

"Wa Nakuru."

"Nakuru kuna bahari?" Jirani zake wakacheka. "Haya, bwana. Wataka nini?"

Nikamweleza habari ya Rebeka na Daudi, na babu wawili, na neno la baba. Alinisikiliza kwa makini hadi mwisho.

"Hebu ngoja nikufahamu. Wataka kujua kama hao ni ndugu."

"Ndiyo."

"Ili wakiwa ndugu, wasioane?"

"Ndiyo."

Salimu akawageukia wenzake. "Jamani, mwasikia? Sisi tukijua ni mtu na binamu yake ndipo twateleka pilau! Mimi mwenyewe nimeoa binti ya ami yangu." Akanigeukia bila kicheko. "Yakhe, uongo nao una ufundi wake. Umetoka Nakuru hadi hapa, hukupata uongo mzuri kuliko huo?"

Niliapa kwamba ni kweli. Jirani mmoja akauliza nafanya kazi gani. Nikasema ni mkaguzi wa mizani, wa serikali. Hapo nikaona vikombe vikiwekwa chini.

"Mtu wa serikali," alisema Salimu taratibu. "Na nyumba? Nyumba huitaki?"

Mimi sikuzoea kudanganya. "Baba aliniambia niitazame."

"Ahaa!" Baraza nzima ilisema kwa pamoja, kama watu waliofunga bao.

Kumbe mwaka uliotangulia alikuja mtu mwingine na wakili wake, akidai ni wa ukoo, akitaka nyumba iuzwe agawiwe fungu lake. Walimshinda kwa taabu. Salimu aliamini mimi ni wa pili, mwenye hila mpya.

Wakati huo sauti ya mwanamke mzee ilishuka kutoka juu. "Salimu, mgeni hafukuzwi na jua hili. Naapande anywe maji."

Ghorofani. Bi Mwanaisha, shangazi yake Salimu na mkubwa wa nyumba, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, mwembamba, macho yake makali. Nilipoinama kumpa mkono, alifunika kwanza kiganja chake kwa ncha ya leso, ndipo akanipa, vidole vikiwa ndani ya nguo. Nadhani Salimu aliona nimeshangaa.

"Bi Mkubwa hampi mkono mtupu mwanamume asiye wake," alisema. "Ni baba yake tu, ndugu zake, na watoto na wajukuu wa ndugu zake. Mimi hunipa. Wewe ni mtu mbali."

Bi Mwanaisha aliniuliza jina la babu. Nikasema, "Elia." Akasema jina hilo halijui, ninywe maji, niende salama. Lakini alikuwa amenitazama masikio, ambayo kwetu husemwa nimeyarithi kwa babu, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili. Nikashuka na shaka zangu. Wao waliniona mwongo, nami nikawaona wana jambo.

Alasiri, Marikiti. Nilikwenda sokoni kununua maji ya madafu na kufikiri. Kwa mazoea nikatupia jicho mizani ya muuza nyanya, akaifunika kwa gunia mara moja. Nikacheka peke yangu. Mchukuzi aliyepumzika juu ya mkokoteni alinisikia nikimuuliza muuza dafu maana ya jina langu.

"Kalafati?" alisema. "Hilo si jina la mtu, ni kazi. Nenda Liwatoni, utawakuta wakiifanya."

Siku ya pili, Liwatoni. Kati ya harufu ya samaki na ya mafuta ya papa, fundi mmoja mnene, aliyeitwa Omari, alikuwa chini ya tumbo la mashua iliyoegemezwa kwenye magogo. Alisokota pamba kama kamba, akaichovya mafutani, akaipanga katika mwanya wa mbao mbili, akaishindilia kwa patasi butu na nyundo. Tak, tak, tak.

"Hii ndiyo kalafati," alisema. "Chombo kisichokalafatiwa ni tenga. Nawe ni nani?"

Nilipomwambia, alicheka mpaka akaketi. "Kalafati asiyejua kalafati! Shika nyundo, kwanza." Nikashika. Nilipiga vibaya, akanitania, akanirekebisha kiganja, na tukiwa katika kazi hiyo akanisimulia aliyoyasikia kwa baba yake.

Zamani, nyumba ile ya Mji wa Kale ilikuwa ya fundi mkuu wa kuziba vyombo bandarini, na watu walimwita kwa kazi yake. Watoto wake wakaitwa hivyo. Na vijana aliowachukua kutoka kila upande kujifunza kazi, waliolala chini penye magunia ya pamba, nao wakaitwa hivyohivyo. "Ukiuliza, 'Huyu wa nani?' wajibiwa, 'Wa Kalafati.' Basi. Wengine wakapata kazi ya reli na ya meli za bara, wakenda na jina."

"Mikaeli unamjua?"

"Baba yangu alifanya kazi naye. Mtaita, mrefu. Alikuja mkubwa, ana mamake kwao Taita. Hata Kiswahili alikijulia hapa."

Nilihisi mzigo wa Rebeka ukipungua nusu. "Na Elia?"

Nyundo ya Omari ilisimama. Akaangalia mwanya aliokuwa ameshauziba, akaupiga tena bila haja. "Huyo sikusimuliwa. Muulize Bi Mwanaisha."

"Yeye asema hamjui."

"Basi na mimi simjui," alisema Omari.

Jioni ileile nilirudi Mji wa Kale. Nilitarajia kufukuzwa, lakini Bi Mwanaisha alikuwa amekwisha kusikia kwamba nilikwenda Liwatoni, kwani huko habari hazina haja ya simu. Aliniketisha kwenye mkeka, Salimu akasimama mlangoni.

"Bwana mkaguzi," alisema Bi Mwanaisha, "sikiza vizuri. Elia wenu na Mikaeli wao, ama walikuwa wana wa nyumba hii, ama walikuwa vijana wa kazi. Kama ni wana wa nyumba, ni ndugu. Basi kwa ada zenu harusi haiwi, lakini wewe utapata mdomo wa kudai nyumba. Kama ni vijana wa kazi, harusi na iwe, na nyumba huijui. Kabla sijasema, niambie: wataka lipi?"

"Nataka harusi, Bibi."

"Hutarudi kesho na wakili?"

"Sina wakili. Nina dada analia."

Alimtazama Salimu, kisha mimi. "Haya. Walikuwa vijana wa kazi. Wote wawili. Walilala chini."

Salimu alishusha pumzi iliyosikika, akaagiza kahawa na halua, na kwa mara ya kwanza akaniita ndugu yangu. Kila mtu alikuwa amepata alichokitaka. Hapo ndipo shaka yangu ilipozidi. Mizani inayompendeza muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, mimi huipima mara ya pili.

Halua ikiwa mkononi, Bi Mwanaisha akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Huyo Elia, alizikwa wapi?"

"Nakuru, makaburi ya kanisani."

"Kanisani." Alilirudia neno hilo polepole. "Aliumwa sana?"

"Siku chache tu."

"Alikuwako mtu wa kumshika mkono?"

"Baba yangu."

Akaitikia kwa kichwa, akaitengeneza leso yake ambayo haikuwa imeharibika. Nilijiuliza ni nani amuuliziaye hivyo kijana wa kazi aliyeondoka zaidi ya miaka sitini nyuma, ambaye jana hakumjua hata jina.

Kuaga. Siku ya tatu mchana nilipita kuwaaga kabla ya gari moshi la jioni. Salimu alishuka na begi langu kunitafutia teksi. Nilibaki juu ya ngazi na Bi Mwanaisha. Niliinama na kungoja afunike kiganja.

Hakukifunika. Aliirudisha leso begani, akanipa mkono mtupu, mkavu na wa moto. Mkono wake wa pili akaupeleka kwenye sikio langu la kushoto, akalishika kidogo, akaliachia.

"Usikawie ndiani," alisema. "Na harusi muifanye."

Nilishuka ngazi nikifikiri. Salimu mwenyewe alikuwa amenieleza nani hupewa mkono ule: baba yake, ndugu zake, na watoto na wajukuu wa ndugu zake. Elia alikuwa kaka yake. Aliondoka nyumba ile akabatizwa, na pengine ndiyo sababu jina lake halitajwi. Sikuuliza, na hakuna aliyenieleza. Maneno ya Bi Mwanaisha yalilinda paa la Salimu na watoto wake. Mkono wake haukuweza kusema uongo.

Nikiwa garini nilipima upya, kwa utaratibu. Kama maneno yake ni ya kweli, Elia na Mikaeli walikuwa vijana wa kazi wa kutoka pande mbalimbali. Kama mkono wake ndio wa kweli, Elia alikuwa mwana wa nyumba, na Mikaeli bado ni Mtaita, kama alivyosema Omari. Upande wowote, damu ya Rebeka na ya Daudi haikukutana popote. Jibu la dada yangu lilikuwa moja. Lililobaki lilikuwa jibu la baba.

Nakuru. Rebeka alinisubiri palepale aliponiagia. Nikamwambia, "La. Si ndugu." Akakaa chini kwenye sakafu ya kituo, na nguo yake nzuri.

Nyumbani nilimweleza baba habari ya kazi ya kuziba vyombo, vijana wa kila kabila waliopewa jina moja, na Mikaeli mtoto wa Taita. Alisikiliza, akauliza maswali magumu, akaridhika. Harusi ilifanywa Desemba.

Baba na Bi Mwanaisha sasa wote wametangulia mbele ya haki, ndiyo maana naandika. Nilifunzwa kwamba jina ni kama pamba ile ya Omari: huingia baina ya mbao mbili zisizotoka mti mmoja, na chombo kikaelea. Anayetaka kujua mbao zilitoka wapi, asiulize jina, atazame mkono.

Usiku ule wa kurudi, wengine walipokwenda kulala, baba alibaki akizungusha kikombe chake.

"Na nyumba?"

"Niliitazama, Baba. Mlango ni kama ulivyosema."

Macho yake yaling'aa. "Kwa hiyo ipo."

"Ipo," nikamjibu. "Ina wenyewe."