Joto la Futi na Joto la Mita

Mwanangu alisomea kupasha nyumba joto. Ndiyo, hapa Bujumbura, ambako mtu anaamka shuka limelowa jasho. Alipelekwa masomo nchi ya theluji, akarudi na cheti cha kazi ambayo mji huu haukuwa na haja nayo. Mtaa wetu wote wa Buyenzi ulimcheka. Jirani yetu, fundi wa magari, akimwona tu anapita anapiga kelele: "Eh, fundi wa joto! Nenda upashe ziwa, samaki wanatetemeka!" Naye anacheka, anaendelea na safari yake. Alikuwa akitengeneza pasi na majiko ya umeme, nyumba ikala, hakumwomba mtu.

Vita sitavisimulia. Kila nyumba ina vyake. Nitasema tu kwamba mwaka ule nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, vitu haviingii, na ikifika jioni hakuna anayetoka. Mke wa mwanangu akashikwa na uchungu usiku, mimba ikiwa na miezi saba. Kulipokucha akajifungua chumbani kwangu, mtoto wa kike, kichwa chake kingeingia kwenye kikombe cha chai.

Wifi yangu ndiye aliyemzalisha. Alimfunga kitovu, akamfunika, akasema bila kuzunguka: "Chombo cha kupashia watoto njiti hospitalini kimeharibika, kipuri hakuna. Huyu atakufa kwa baridi."

"Baridi gani na jua hili?" nikamuuliza.

"Jua ni letu sisi wenye nyama. Yeye hana."

Asubuhi ile ile mwanangu akaenda Kanyosha kwa mtu aliyekuwa akifuga vifaranga, akarudi na taa pana ya kupashia vifaranga joto, imefungwa kwenye gunia. Nikadhani ataiwasha mara moja. Yeye akaigeuza, akaanza kusoma kibati kilichopigiliwa mgongoni, mara anasoma kibati, mara anasoma kitabu chake cha shule.

"Unasoma nini?" nikamfokea. "Washa! Mutoto anapoa!"

"Apana, Mama. Nikikosea hapa namuunguza."

Akanieleza huku akipima kamba. Kibati kile kiliandikwa kwa vipimo vya Wamarekani, kinahesabu joto kwa kipimo chao wenyewe, linaloanguka kwa saa moja kwenye futi moja ya mraba. Kitabu chake kinahesabu wati, kwenye mita moja ya mraba. Mimi sikusoma, niliishia madrasa na kidogo ya shule ya misheni. Lakini vitambaa nimenunua. Kule Asiatique, mtaa wa maduka, kulikuwa na duka la Mwarabu mmoja. Mzee anapima kwa yadi, mtoto wake anapima kwa mita, na kanga ni ile ile. Nikamwambia hivyo.

"Ego, ndiyo, Mama, ni hivyo hivyo," akasema. "Moja ya hawa Wamarekani ni tatu na kidogo za kitabu. Hapa wameandika mia, ukiitundika urefu wa mkono mmoja. Kwetu hiyo ni mia tatu na kumi na tano. Na kitabu kinasema kwa mtoto nisipite mia tatu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niinue kidogo."

Nikaelewa. Angeiona ile mia akaidhani ni mia ya kitabu, angesema joto ni dogo, angeishusha taa mpaka usoni kwa mtoto. Nikamuuliza kwa nini hahesabu tu nguvu ya taa yenyewe, basi. Akasema uji wa sufuria moja ukiumwaga kwenye sinia unakuwa utando tu, ukiumwaga kwenye kibakuli unajaa. Ngozi haijui sufuria ina kiasi gani. Inajua kinachoiangukia.

Akatundika taa juu ya kikasha cha mbao, tukamweka mtoto ndani juu ya pamba. Umeme ukikatika, mama yake au mimi tunamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka urudi. Maziwa tulimdondoshea kwa pamba. Kazi yangu ilikuwa miguu. Kila mara naingiza mkono, naishika, ni miguu midogo kama maharage, na ina joto. Baba yake ananitazama. "Mama?" "Ina joto." Anakwenda kazini.

Ikafika Ijumaa. Umeme ulikuwepo. Taa ilikuwa inawaka. Mtoto akavuta pumzi, akakaa, akavuta nyingine, akakaa zaidi, na ile ya tatu haikuja. Miguu yake ilikuwa mkononi mwangu.

Wifi yangu akatandika mkeka, akabandika maji. Mimi nikatafuta kitambaa cheupe. Mwanangu nilimkuta ameketi chini uani, ameshika mkaa, anazidisha juu ya kipande cha katoni. Anafuta kwa kiganja, anazidisha tena.

"Labda niliinua sana," akasema. "Labda ni mi nilimpoza."

"Inatoka ngapi?"

"Ile ile."

"Basi iache."

"Mama, we hujui hesabu."

"Sijui. Lakini nilimshika miguu mpaka mwisho, na ilikuwa na joto. Kilichomshinda ni pumzi."

Akaninyanyulia macho. "Kweli?"

"Lini nilikudanganya ili ufurahi?"

Akafikiri. "Apana. Hata siku moja."

Akaiacha katoni, akanawa mkaa mikononi, akaingia kunisaidia kumwosha. Yeye ndiye aliyeshika maji. Kabla sijapokea kata ya kwanza akatia kiwiko ndani ya ndoo. Akasema ni ya moto. Akaongeza ya baridi, akatia kiwiko tena. Akasema sasa yamepoa mno, akaongeza ya moto.

"We baba," wifi yangu akamwambia polepole, "maiti haiungui."

"Mwache," nikasema.

Tukakaa pale, mtoto amelala mapajani mwangu, tukamsubiri mpaka aliporidhika na maji.