Chupa Iliyonichoma Pua

Wakati wa Wabeleji, nilipokuwa msichana, maziwa ya kwetu Kibabi hayakuuzwa mpaka niyanuse. Mama alifukiza vibuyu kwa moshi wa majani makavu, akavijaza, mimi nikafumba macho na kunusa. Nikisema, "Hiki kiende," kinakwenda. Niliota kwamba siku moja wazungu wa mashamba ya Masisi watauliza ni pua ya nani hiyo, waniletee baiskeli.

Kisha mafua makali yakapita nyumba kwa nyumba. Homa iliniacha, ila harufu hazikurudi. Mama akampa mdogo wangu vibuyu. Alikaa kwenye kiti changu, akafumba macho kama mimi, akasema, "Hiki kiende." Hata sauti alichukua yangu! Wanunuzi wakamsifu. Wivu ule uliniuma kuliko homa.

Nikashuka bondeni, kwenye zahanati tuliyoiita dispansere. Muganga alinifunga macho kwa bandeji, akaniwekea vitu kwenye ulimi: chumvi, sukari, kinini. Nikavitaja vyote. Akaja kwenye pua. Kahawa, hakuna. Sabuni, hakuna. Halafu chupa moja ikanichoma mpaka machozi yakatoka.

"Nasikia, Papa!" nikamwambia Muganga.

"Unasikia harufu ya nini?"

"Nasikia tu. Inachoma."

"Mutoto yangu, kuchoma haiko harufu. Hata kiziwi, ukimupiga kofi, anasikia."

Alisema pua zingine zinarudi polepole, zingine hapana. Lakini mimi nilipanda mlima nikiwa nimeshika lile neno langu moja tu: nasikia. Nikamwambia Mama nimesikia chupa.

Mama hakubishana. Akaweka vibuyu viwili mbele yangu. "Kimoja nimefukiza, kingine hapana. Ukijua chenye moshi, kiti ndiyo yako tena."

Nilinusa cha kushoto, nikanusa cha kuume. Ilikuwa kama kunusa maji ya mto. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu. Akaninong'oneza, "Ya kushoto, dada."

Anionyeshe yeye? Kwa maziwa yangu mwenyewe? Nikashika cha kuume.

Mama alikichukua taratibu, akakiweka chini. Kilikuwa hakijaona moshi.

"Ulimi yako iko muzima?" akauliza.

"Iko muzima, Mama."

"Basi wewe utaonja kama imechachuka. Mudogo wako atanusa."

Kesho yake alileta kiti cha pili. Nikaonja tone la maziwa kwenye kidole, nikasema hayajachachuka. Mdogo wangu akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akatabasamu peke yake. Nilitamani kumbana ile pua.

"Inanuka namna gani leo?" nikamuuliza.

"Kama majani yenye kunyeshewa, halafu jua ikatoka."

"Ongeza."

"Na moshi kidogo, mbali."

"Usivute yote, wewe," nikamwambia, nikamsogezea kibuyu kingine.