Fyuzi ya Mwisho

Wiki hii, kwenye pikapu ya Masasi kwenda Newala, dereva alibakiwa na fyuzi moja. Nyingine ziliungua kila alipochomeka chaja ya simu ya mama aliyekaa kati yetu. Simu ilikuwa imezima, na binti yake alikuwa leba Newala.

"Soko huria, mama," alisema dereva. "Fyuzi za siku hizi ni urembo."

"Hapo kwenye tundu la chaja umeweka nini, mwanangu?"

"Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Chaja ilikuwa inacheza, nikaibana."

"Fyuzi zilianza kuungua kabla au baada ya kubana?"

"Baada," alisema, kisha akasimamisha gari. "Kumbe ile inayong'aa inapitisha umeme."

Akaichokonoa kwa kijiti. Wengi wetu hushuku kwanza cha dukani, mkono wetu mwisho. Akaweka fyuzi, taa ya chaja ikawaka. Kwa kuwa chaja ililegea tena, mama akaibana kwa kidole gumba.

Tulipofika kijiji cha Mkunya, simu ikaita.

"Wa kike? Na mama yake je? Alhamdulillahi."

Alifuta machozi kwa mkono mmoja. Kidole cha mkono wa pili hakukiondoa mpaka Newala, na hakuna aliyemwambia aache.