Kisu cha Mma Ikwo na Mikia ya Konokono

Halafu mnasema uzee ndio umemponza. Uzee gani? Mma Ikwo Udofia alikuwa na miaka hamsini na nne, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wetu sote tunaokata majani ya afang, mboga ya supu, pale sokoni mjini Uyo. Acheni kumsingizia miaka. Kilichomponza nakijua, nilikuwepo.

Majani ya afang ni magumu kama ngozi. Unapanga ishirini, thelathini, unaviringisha mpaka fungu liwe kama sigara nene, unalibana kwa mkono wa kushoto, kisu kinapita mbele ya gumba, hewani, hakuna kibao. Mma Ikwo kafanya hivyo miaka thelathini. Yakianguka kwenye sinia, ni membamba kama nywele. Watoto wanne kawasomesha kwa kisu kimoja, kimenolewa mpaka kimebaki ubapa mwembamba tu.

Wengine tulikuwa tunashindana kasi. Yeye kila akimaliza mafungu matano anasimama, anakinoa kwenye jiwe, anajaribu kwa jani moja. Wateja walikuwa wanachukia.

"Mma, umekuja kukata mboga au kusugua jiwe?"

"Kisu kikali kinakimbia chenyewe," anawajibu. "Butu unakisukuma, na ukikisukuma kinakwenda kinakotaka chenyewe. Kama mume wako."

Na ni kweli. Kisu butu kinaponda jani, maji yanatoka, jani linakuwa jeusi, supu chungu. Ukizidisha kasi ndiyo unazidi kuharibu.

Jumamosi ile kulikuwa na maziko. Mkaza mwana wa marehemu, anaitwa Inemesit, akaja na wenzake, mzigo mzima wa majani, na ndoo ya konokono wa matopeni, wale wa kukatwa ncha ya gamba ili mtu amfyonze kwenye supu. Kazi hiyo ni ya panga, kila mtu Uyo anajua. Panga kalisahau nyumbani. Mma Ikwo alipoinuka kwenda msalani, Inemesit akachukua kisu chake, akaanza kugonga mikia ya magamba. Tak, tak, tak. Kama konokono kumi na tano hivi. Akakipangusa kwa kitenge, akakirudisha palepale.

Mimi niliona. Mimi huyu, ninayegombana na watu hata kwa nafasi ya kuweka ndoo, nikanyamaza. Nikajiambia ana msiba, mwache.

Mma Ikwo akarudi, akakata mara moja, akatazama jani.

"Nani kashika kisu changu?"

Inemesit akainamia ndoo yake.

"Nimeuliza. Makali yana pengo."

"Mma, tafadhali," Inemesit akasema. "Tuna maiti nyumbani na masufuria yako motoni. Hilo jiwe utalibusu kesho."

Wenzake wakacheka kidogo. Mkono wa Mma Ikwo ulikuwa umeshagusa jiwe. Akauondoa.

"Haya. Kwa ajili ya mzee wenu."

Akakata kwa kasi yake ileile, ila sasa anakandamiza. Nikaona bega linafanya kazi, bega ambalo siku zote lilikuwa halitikisiki. Fungu la kwanza likatoka limepondeka. La pili, la tatu. La nne, pengo likanasa kwenye mshipa wa jani. Akasukuma, kisu kikachomoka, kikaingia chini ya gumba mpaka mfupani.

Alisogeza sinia kando kwanza, damu isiingie kwenye chakula cha watu.

Kidonda kimepona, lakini kidole hakikunjiki tena. Bila gumba hubani fungu, na bila kubana fungu wewe si mkataji. Siku hizi anauza majani mazima, wateja wake wanayabeba wanayapeleka kwa wengine kukatwa, wengine wanakuja kwangu, anawaona wakipita.

Wiki iliyopita nikamwambia nilichoona.

"Na ulikuwa umekaa pale," akasema.

Akageuka kupanga majani.

Basi wewe unayesoma, ukimwona mtu ananyoosha mkono kwenye kisu cha mkata mboga, mnyang'anye. Awe na msiba, awe na harusi. Mnyang'anye, akikasirika akasirike, halafu mwambie mwenye kisu akinoe kwanza.