Mama Kaltuma, Aliyeikalia Ngoma

Alizaliwa Ndera, katika kambi ya wachunga ng'ombe, yapata mwaka 1909, na baba yake Galgalo akamwita Kaltuma. Alikua mkamuaji hodari, mwepesi wa kucheka. Alipoolewa na Jarso wa Garsen, ndipo alipoanza kushuka na kupanda. Miezi mingine haamki mkekani, kibuyu cha maziwa kinamshinda, anajiona mzigo duniani. Mingine halali kabisa, anaimba, anawagawia wapita njia mitamba ya mumewe. Watu wakasema pepo. Wakamfunga kwenye kigingi cha ndama, wakampigia ngoma mchana na usiku, na kila ngoma ilipokoma hali ilikuwa mbaya kuliko ilipoanza. Shangazi yake naye aliwahi kufungwa vivyo hivyo, hakuna aliyejiuliza kama ni ugonjwa wa ukoo.

Hapo kigingini alipata wito wake. Mto upitao hapo ulikuwa umefurika, na mbingu ya Garsen kavu kama ngozi iliyoanikwa. Akawategea waliomlinda: "Kitendawili! Najaa bila mvua, nakauka bila jua." Wakashindwa.

"Nipeni mji."

"Tumekupa Kipini."

"Nikaenda Kipini, nikalishwa wali kwa samaki, ninyi mkabaki na njaa. Ni mto huu! Mvua yake hunyesha mbali, milimani msikokuona. Na ugonjwa wangu una chanzo, ila hakiko machoni penu. Nani alipigia mto ngoma ukapungua?"

Jarso akamfungua, akampeleka zahanati ya Kipini. Kaltuma alirudi na dawa ya usingizi, na sharti alilojiwekea mwenyewe: akishuka, asiachwe peke yake, akipanda, neno lake la kugawa ng'ombe lisishikwe mpaka atulie.

Mwaka 1954 jirani yake Nuria, mzazi mchanga, aliacha kunyonyesha, akasema heri mto umchukue. Mkwewe, mzee Roba, akaleta kamba na ngoma. Mama Kaltuma akaivuta ile ngoma, akaikalia.

"Inuka, mwendawazimu wewe!"

"Ndiyo, baba, na ndiyo maana najua. Binti huyu anahitaji usingizi, nawe umemletea kelele. Kamba unayo, nifunge mimi."

"Na pepo akimuua?"

"Mkimtenga, atakufa bila pepo."

Hakuinuka. Wanawake wakaja mmoja mmoja, wakaketi na Nuria, wakapokezana mtoto matitini mwao. Nuria alilala, akalia, akalishwa uji kwa mkono, miezi ikapita, asubuhi moja akasema, "Nipeni mwanangu."

Mama Kaltuma alifariki kwa homa mwaka 1958, akiwa katika kushuka kwake. Wapo wanaotaka iandikwe kwamba aliponywa. Haiandikwi! Alishuka na kupanda hadi mwisho, akamwomba Mungu akiwa chini, akamwomba akiwa juu, na huo ndio utakatifu wake. Wasemao kigingi chake kilichipua majani hudai waliyaona wenyewe. Mungu ndiye ajuaye.

Mzee Roba, mwanawe alipoanza kukosa usingizi, hakuleta kamba. Alileta mkeka, akaketi. Na ngoma ile iko kwa Nuria, ni kigoda cha wageni. Ndugu, jirani yako akishuka, usiulize ni pepo gani. Nenda ukakae.